Bolti Iliyovutika Hairudi Injini

Huenda msomaji akashangaa kuona mtu ambaye kazi yake ni kufundisha isimu akishika kalamu leo kuzungumzia bolti za injini. Mambo niliyozoea kuyaandikia ni ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na makosa ya watahiniwa katika insha. Hata hivyo, pana jambo lililonifika barabarani ambalo limenionyesha kwamba neno likieleweka nusu huweza kumlaza mtu njiani, tena akiwa na mtoto wa watu garini. Aidha, jambo lenyewe si la mafundi peke yao. Linamhusu kila mwalimu aliyekopa katika chama chake cha ushirika akanunua gari lililotumika, na kila mwanafunzi anayeketi nyuma ya dereva bila kujua ni nini kinachoishikilia injini iliyo mbele yake.

Mimi hukaa Kisumu na kufundisha Maseno. Njia hiyo haizidi sana kilomita 25, lakini ukishaliacha ziwa nyuma yako pale Kisian, barabara huanza kupanda. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Maseno iko kwenye mita 1,500 hivi. Kwa gari jipya huo si mlima. Kwa gari langu, ambalo lilikuwa limekwisha kuzitembea barabara za Japani kwa miaka saba kabla ya kufika bandari ya Mombasa, mteremko ule ulikuwa mtihani wa kila asubuhi. Mwezi Septemba mwaka 2022 sindano ya joto ilipanda hadi kwenye alama nyekundu, mvuke ukatoka, na nikalikokota gari hadi kwa fundi wangu wa siku nyingi, upande wa Kondele.

Fundi huyo ni mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, nami humwita Jaduong' kama wamwitavyo wengine wote pale gereji. Yeye huniita Japuonj, yaani mwalimu, na akitaka kunitania huniita Daktari, kisha huniuliza ni wagonjwa wangapi nimewatibu juma hilo. Alilifungua gari, akaniambia kwamba gasketi ya hedi imeungua na kwamba hedi yenyewe imepinda kidogo, hivyo ingebidi ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine. Kijana anayemsaidia, ambaye alikuwa ametoka chuo cha ufundi mwaka uliotangulia, akaniandikia orodha ya vitu vya kununua. Kulikuwa na gasketi, oili, chujio la oili, maji ya rejeta, na katika mstari wa mwisho aliandika: bolti za hedi, kumi.

Nilimuuliza kwa nini ninunue bolti ilhali zile zilizotoka zilikuwa nzima, hazina kutu wala hazikukatika. Kijana alimtazama Jaduong' kabla ya kunijibu. Jaduong' akacheka. "Japuonj, hizi ni chuma. Nimefungua injini tangu wewe uko shule ya msingi, na sijawahi kutupa bolti iliyo nzima." Kijana akanyamaza. Nami nikatoa kalamu mfukoni, kalamu hii hii nyekundu ya kusahihishia mitihani, nikaukata ule mstari wa mwisho. Natia mkazo hapa, kwa sababu nisipokiri jambo hili msomaji atadhani kwamba nimekuja kumshtaki fundi. Mstari ule niliukata mimi.

Majuma saba baadaye dada yangu aliniomba nimrudishe mwanawe shuleni, ng'ambo ya Kericho. Msichana huyo alikuwa kidato cha nne, amekuja nyumbani kung'olewa jino, na kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa vitendo. Tuliondoka Kisumu alasiri, tukapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, tukapita Awasi. Tulipoanza kupanda kuelekea Kericho injini ikaanza kukohoa, na moshi mweupe ukatoka nyuma. Niliposimama na kuchomoa kijiti cha kupimia oili, nilikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimekutana, na mahali pekee ambapo vingeweza kukutana ni pale pale palipofungwa majuma saba kabla.

Giza lilitukuta kando ya barabara. Mpwa wangu hakulia wala hakulalamika. Alitoa daftari lake akasoma kwa mwangaza wa simu. Magari ya abiria yalipita yamejaa, na ilikwisha kutimia saa mbili za usiku tulipopata moja lililokuwa na nafasi ya mtu mmoja. Ikanibidi nimpakie mtoto wa kike, peke yake, usiku, katika gari la watu nisiowajua, kisha nikae kando ya gari bovu nikisubiri simu ya bawabu wa shule. Simu hiyo ilipigwa saa nne na dakika kumi. Sitaki kuzieleza zile saa mbili na dakika zake. Dada yangu aliponipigia, alisema sentensi moja tu: "Ndugu yangu, kwa bolti?"

Tangu siku hiyo nimejifunza kuhusu bolti mambo ambayo sikufikiri kwamba mtu aliyetunukiwa shahada ya uzamifu katika fonolojia angeyahitaji. Nimesoma vitabu vya watengenezaji wa magari, nimewaudhi wenzangu wa idara ya fizikia, na nimekaa na yule kijana wa gereji kwa saa nyingi. Nitayaeleza niliyoyaelewa kwa lugha ya darasani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kilugha. Katika Kiswahili tunakaza nati, tunakaza mkanda, tunakaza mwendo na tunakaza buti. Neno hili hutupa picha ya vitu viwili vilivyobanwa vikatulia, na bolti tunaiona kama msumari, yaani kitu kigumu kinachosimama katikati bila kubadilika. Kumbe bolti hushikilia kwa sababu imevutwa. Unapoizungusha baada ya kichwa chake kugusa hedi, hesi zake, zile nyuzi za chini, hupanda ndani ya bloku na kulivuta shina lake, nalo likarefuka kidogo sana. Shina hilo hutaka kurudi katika urefu wake wa asili, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi juu ya gasketi. Kwa maneno mengine, bolti ni springi ngumu mno. Wanafunzi wangu watacheka, maana neno mkazo ambalo sisi hulitumia kwa silabi ya pili kutoka mwisho ndilo hilo hilo ambalo walimu wa fizikia hulitumia kwa nguvu iliyo ndani ya chuma kilichovutwa. Miaka yote hiyo nimefundisha mkazo, na mkazo uliokuwa ndani ya gari langu sikuujua.

Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikariri, kwamba urefu unaoongezeka huenda sambamba na nguvu inayovuta. Ukiivuta springi kwa nguvu maradufu, itarefuka maradufu, na ukiiachilia itarudi. Lakini kanuni hiyo ina kikomo. Zamani, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini Kenya mwezi Agosti mwaka 2017, kila aliyetoka soko la Kibuye akiwa amebeba viazi katika mfuko mwepesi alikiona kikomo hicho kwa macho yake. Mkono wa mfuko ulivutika ukarudi, ukavutika ukarudi, halafu ghafla ukaanza kurefuka kama uji mzito, ukawa mwembamba na mweupe. Haukukatika papo hapo, na pengine ulifika nyumbani salama. Lakini ulipoutua mzigo, mkono ule haukurudi tena ulivyokuwa. Nani angeuchukua mfuko huo kesho yake na kuutilia viazi vile vile?

Chuma cha bolti nacho kina kikomo cha unyumbufu. Kabla ya kikomo hicho hurudi, na baada yake hubaki kimerefuka. Bolti za injini za zamani zilikazwa zikabaki chini ya kikomo hicho, na hapo ndipo Jaduong' alipojifunzia kazi. Injini alizozifungua ujanani mwake, zikiwamo za Peugeot 504 zilizokuwa teksi na matatu kote nchini, zilitaka bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, gari litembee kwa muda, kisha lirudi gereji zikazwe tena. Bolti hizo ungeweza kuzifungua na kuzifunga mara kadhaa mradi hesi zake ni nzima. Basi Jaduong' hakuwa mjinga wala mdanganyifu. Maarifa yake yalikuwa sahihi kwa injini ambayo siyo niliyompelekea.

Kwa nini basi wahandisi waliuacha utaratibu huo? Sababu moja ni msuguano. Spana yenye kipimo hupima nguvu inayotumika kuizungusha bolti, lakini takriban sehemu tisa kwa kumi za nguvu hiyo huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa cha bolti na ndani ya hesi. Ni sehemu moja tu inayobaki kuvuta shina. Kwa hiyo bolti mbili zilizokazwa kwa kipimo kimoja, moja ikiwa na oili na nyingine ikiwa kavu, huweza kutofautiana sana katika nguvu zinazobania. Sababu ya pili ni kwamba injini zimekuwa nyepesi. Hedi siku hizi ni ya alumini, na alumini ikipata joto hutanuka karibu maradufu ya chuma cha bolti. Isitoshe, gasketi za sasa zinahitaji kubanwa kwa usawa pande zote, na hakuna anayetaka kulirudisha gari gereji kila baada ya kilomita elfu moja ili likazwe upya.

Wahandisi wakabuni bolti inayovutwa makusudi hadi ikipite kile kikomo. Maagizo yake husema, kwa mfano, kaza hadi nyutoni-mita 30, kisha izungushe robo ya mzunguko, kisha robo nyingine. Baada ya hatua ya kwanza hakuna tena kupima nguvu, kinachopimwa ni pembe. Tuseme nafasi kati ya hesi moja na nyingine ni milimita 1.5. Robo mbili za mzunguko ni nusu mzunguko, na bolti itakuwa imeingia ndani milimita 0.75. Sehemu ya safari hiyo huishia katika kuibana gasketi na hedi, na inayobaki ni shina kurefuka. Faida ya kukipita kikomo ni kwamba huko ng'ambo nguvu ya bolti haibadiliki sana hata fundi akikosea nyuzi chache za pembe, hivyo bolti zote kumi hubana kwa nguvu zinazokaribiana. Gharama yake ni kwamba bolti imetumika. Imekuwa kama njiti ya kibiriti, ambayo huwezi kuilaumu kwa kutowaka mara ya pili.

Msomaji ataniuliza, na Jaduong' aliniuliza, mbona zipo injini zilizofungwa kwa bolti za zamani na bado zinatembea? Swali hilo ni zuri, tena ndilo linaloueneza mtindo huu. Ni kweli zipo. Chuma kilichovutwa kupita kikomo hakipotezi nguvu zote. Kwa hakika huwa kigumu zaidi kuliko mwanzo. Kinachopungua ni akiba ya kurefuka iliyobaki kabla hakijakatika. Ukiivuta mara ya pili kwa pembe ile ile, unaila akiba hiyo, na shina huanza kuwa jembamba mahali pamoja, kama shingo. Katika bolti kumi, huenda saba zikavumilia, mbili zikabana kwa nguvu pungufu, na moja ikakatikia mkononi mwa fundi. Ile inayokatika ni rehema, kwa sababu imejulikana. Zile zinazobana nusu hazionekani, na gari hutoka gereji likinguruma vizuri.

Kisha hufika mlima. Katika silinda yenye kipenyo cha milimita 75, mlipuko wa petroli injini inapobanwa kupanda huweza kuisukuma hedi juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili na zaidi. Injini ya mapigo manne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huyafanya hayo mara 1,500 kwa dakika katika kila silinda. Bolti isiyobana sawasawa huiacha hedi inyanyuke kwa kiasi ambacho jicho halioni, gesi ya moto hupenya, gasketi huungua, na maji hupata njia. Fundi huilaumu gasketi kwamba ilikuwa bandia, mwenye gari huyalaumu maji au mlima, nayo bolti hutolewa, hupanguswa kwa kitambaa na kurudishwa mahali pake kwa mara ya tatu.

Sitaki kuzidisha chumvi. Si kila bolti ya injini ni ya namna hii, na watengenezaji wenyewe hawaafikiani kuhusu zote. Baadhi ya vitabu vya Toyota humwelekeza fundi aipime bolti, urefu wake au unene wa shina lake, na ikiwa haijapita kiwango kilichotajwa, airudishe. Volkswagen kwa upande wake husema bolti za hedi zibadilishwe kila zinapofunguliwa, bila mjadala. Yeyote aliye na kitabu cha injini yake na kifaa cha kupimia kwa sehemu za milimita na akifuate kitabu. Lakini ni gereji ngapi za jua kali, kuanzia Kondele hadi Usenge, zilizo na kitabu cha kila injini inayoletwa? Tena magari yetu yaliyotumika huingia yakiwa na umri unaofika miaka minane, na injini nyingine hununuliwa kuukuu barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Hatujui zilifunguliwa mara ngapi kabla hazijatufikia. Mahali ambapo historia ya bolti haijulikani na kipimo hakipo, kununua mpya ndiyo njia pekee yenye akili.

Fikra ya kiungo cha kutumika mara moja si ngeni katika mji wetu. Meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini hapa Kisumu mwaka 1900, ilitengenezwa Paisley, Uskoti, ikaletwa vipande vipande kisha ikaunganishwa kando ya ziwa kwa ribiti. Ribiti huingizwa ikiwa ya moto, hupigwa nyundo, na ikipoa husinyaa na kuvibana vyuma pamoja. Nayo pia, kwa hiyo, hushikilia kwa kuvutwa. Fundi wa meli alipotaka kuitoa alikikata kichwa chake, na ribiti iliyokatwa kichwa haikuhitaji mtu wa kueleza kwamba kazi yake imekwisha. Bolti ina bahati mbaya ya kutoka ikiwa na kichwa chake. Nasi ni watu wa mitumba. Shati lililovaliwa Ulaya tunalivaa Kibuye, na hakuna ubaya. Jicho lililozoea kuona thamani katika kilichotumika haliwezi kuiona hasara iliyojificha ndani ya chuma king'aacho.

Turudi gereji. Nilipolikokota gari kutoka Awasi, sikuenda kwa fundi mwingine. Nilimwomba Jaduong' tuzipime. Tulinunua bolti moja mpya, tukaisimamisha juu ya kioo kando ya zile kumi. Hakuna hata moja iliyolingana na mpya. Iliyozidi kwa uchache ilizidi kwa unene wa ukucha, na moja ilikuwa ndefu kuliko wenzake wote. Kijana akachukua nati, akaizungusha kwa vidole juu ya hesi za bolti mpya, ikashuka hadi mwisho bila kukwama. Kwenye ile ndefu nati ilishuka kidogo ikagoma, kwa sababu hesi zenyewe zilikuwa zimevutika na nafasi kati yazo haikuwa tena ile ya nati. Jaduong' aliijaribu mwenyewe mara tatu. Kisha akamgeukia kijana na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Ulilijua hili?" Kijana akajibu, "Nilifundishwa, Jaduong'." "Mbona hukuniambia?" Kijana akainamisha kichwa. Nilitamani kumjibia, maana nilijua jibu: kule kwetu mtoto hamsahihishi mzee mbele ya mgeni. Lakini nani aliyekuwa mgeni pale, na kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwa nani?

Bolti kumi mpya ziligharimu chini ya malipo ya ufundi wa siku moja, bila kuhesabu gasketi ya pili, oili ya pili, na gari la kunikokota kutoka Awasi. Zilifungwa kwa mpango kutoka katikati kwenda nje, kijana akiwa ameweka alama ya rangi nyeupe juu ya kila kichwa ili robo mzunguko ionekane kwa macho. Jaduong' ndiye aliyeshika spana, na kijana ndiye aliyehesabu. Sikusikia wakibishana.

Nilipokuwa nikilipa, Jaduong' alizikusanya zile bolti za zamani katika kopo la maziwa ya watoto. "Niachie hizi, Japuonj," aliniambia. "Kuna mwenye matatu ya Bondo ambaye injini yake ni kama yako, na hana pesa."

Nilimwambia kwamba namheshimu kama mzazi, lakini siwezi. Alinitazama kwa muda, kisha akanikabidhi kopo. Kijana akaleta msumeno wa chuma, tukazikata moja baada ya moja juu ya jiliwa, na kazi hiyo ilituchukua karibu saa nzima. Ile ndefu tuliiacha nzima. Jaduong' aliitundika ukutani kwa uzi, karibu na mlango, mahali ambapo kila mteja anayeingia lazima aione.